Ulimi wa Mshindani

12 Januari

Mpwa wangu, Ulimi,

Marahaba. Nakuitikia kabla hujaniamkia, maana najua barua yako iko njiani na shikamoo imo ndani. Sisi huku wazima. Goti la mama yako bado linamsumbua, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Jana amenigombeza tangu asubuhi mpaka chai ya saa kumi kwa sababu niliacha mlango wa ua wazi, mbuzi wa jirani wakaingia wakatafuna kamba zake za kuanikia nguo. Mbuzi walikula kamba, mimi nikala maneno.

Kazi uliyopata imetufurahisha mno. Mama yako ameitangaza mpaka kwa watu asiowajua. Lakini umeandika "ofisi kubwa" mara tatu bila kusema ni ofisi ya nini. Watu wakiniuliza, nawajibu ni kubwa. Kipara ameniuliza kama ni kubwa kuliko kiwanda chake cha sabuni, nikamwambia hata choo cha kiwanda changu ni kikubwa kuliko kiwanda chake.

Huyo Kipara alikuja juzi kuonja sabuni ya chungu changu kipya, kama kawaida ya mtaa. Akakata kipande, akakiweka kwenye ncha ya ulimi, akafumba macho. Kisha akatema na kusema, "Inauma!" Roho ikaniruka. Akacheka mpaka akashika ukuta, mshenzi yule, ndipo akakubali kwamba imeiva. Na Mama Mapovu wa pale kona alikwenda kumwonjea Kipara, mimi nikaenda kumwonjea Mama Mapovu. Unakumbuka ulivyokuwa ukiniuliza utotoni kwa nini mtu asionje sabuni yake mwenyewe akauza, yakaisha? Mwenye sabuni huionea huruma sabuni yake. Magadi yakiwa hayajaisha makali yakamchoma ulimi, yeye atajiambia ni mate tu. Mwache mshindani aonje, maana yeye anatamani iume. Akisema haiumi, ujue haiumi kweli.

Kuna sabuni mpya madukani, nyeupe, imefungwa kwenye karatasi yenye picha ya mwanamke anayecheka. Sijui anacheka nini na nguo zote zile chafu pembeni yake. Bei yake ni ya chini kidogo kuliko yetu. Tumeinunua, tumeonja wote watatu, haiumi. Mama Mapovu kasema sabuni iliyovaa nguo haiwezi kufua nguo.

Nakuachia nafasi hapa chini kwa mama yako, maana ameshasimama nyuma yangu.

Mjomba wako.

*Mwanangu kula vizuri huko. Usimsikilize mjomba wako, mlango aliuacha wazi makusudi. Mama.*


9 Februari

Shikamoo Mjomba,

Najua umeshaitikia, lakini naamkia tena isije ikasemwa mjini nimesahau adabu. Mwambie Mama nakula, tena nakula mezani, na mtu wa kuondoa sahani yupo. Goti alikande kwa maji ya moto, asingoje mpaka livimbe.

Umeniuliza ofisi ni ya nini. Ni kampuni ya vitu vya nyumbani, vingi tu, mtu huwezi kuvimaliza kuvitaja. Mimi niko idara ya masoko. Tunaangalia watu wananunua nini na kwa nini. Tuko wanane chumba kimoja, kila mtu na meza yake, na dirisha langu linatazama dirisha la jengo jingine ambako kuna mtu anayenitazama mimi. Tunasalimiana kwa kichwa. Hapa hakuna anayejua jina la utani la mwenzake, na mama anayeleta chai nimemuuliza hali mara moja tu, akashtuka kama nimemkaba.

Lakini wiki iliyopita na mimi nimejulikana. Wakati wa chakula niliwasimulia habari zenu za kuonjeana, Kipara na "Inauma!" yake, na wewe ulivyokuwa ukimtazama usoni kama mtu anayengoja hukumu. Wamecheka sana. Meneja wetu alicheka mpaka akavua miwani. Kesho yake akanipeleka ghorofa ya juu niwasimulie wakubwa, nikakalishwa kwenye meza ndefu, nikapewa maji kwenye glasi. Hawakucheka tu, Mjomba, waliniuliza na maswali. Nilijiona mtu. Nilitamani ungekuwepo.

Nisalimie mtaa mzima.

Mpwa wako, Ulimi.


20 Machi

Mpwa wangu,

Tumepokea barua yako na sote tuko salama, isipokuwa jogoo wa mama yako ambaye alikutana na lori. Tumemla kwa masikitiko.

Huku mambo yamekuwa magumu kidogo. Sabuni ya karatasi imeshuka bei tena. Mwenye duka la mbele ameniambia bila kunitazama kwamba yeye si adui yangu, ila watu wanaomba ile. Tulikutana sisi watatu uani kwa Kipara, tukakubaliana bei moja, tusishindane sisi kwa sisi mpaka upepo huu upite. Tukapeana mikono. Haikumaliza wiki, nikasikia Kipara anauza chini ya tuliyokubaliana. Nikamfuata. Akasema ameanza kwa sababu aliambiwa mimi nimeanza. Nani kakwambia? Akageukia chungu chake. Na mimi, kwa hasira, nikashusha kweli.

Halafu kuna bwana mmoja anayevaa tai, amefika na gari la Kampuni ya hiyo sabuni. Alikaa kwa Mama Mapovu saa nzima na mlango umefungwa. Kesho yake akanywa chai kwa Kipara. Hakuna aliyemwambia mwenzake walichozungumza. Tangu hapo hakuna anayeingia kwa jirani yake. Kila mmoja anaogopa mwenziwe asije akaona ni mafuta gani anatumia siku hizi, au amechemsha kwa muda gani, maana kuni nazo zina bei na wote tunafupisha. Kipara haji tena kuonja. Naonja mwenyewe. Ulimi wangu bado upo, usiwe na wasiwasi.

Yule bwana na kwangu alifika. Kabla hajakaa, akakata kipande kwenye kasha la kugandishia sabuni, akakiweka kwenye ncha ya ulimi, akafumba macho, akangoja kama tunavyongoja sisi. Kisha akatabasamu.

Nimejiuliza amefundishwa na nani. Wewe uko mjini, unaona mengi. Unaonaje?

Mjomba wako.

*Mwanangu, jogoo alikuwa mgumu. Mama.*


28 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Nisamehe kuchelewa. Kazi zimekuwa nyingi, kisha nikapata mafua, kisha zikaja siku za hesabu za miezi mitatu ambazo hapa watu hawapumui. Pole kwa jogoo. Nimefurahi kusikia mko salama.

Habari za sabuni nimezifikiria sana. Mjomba, naomba unisikilize kama unavyomsikiliza mtu mzima. Haya mambo si uadui. Kampuni kama ile inanunua mafuta meli nzima, wewe unanunua pipa. Mashine yao inatoa kwa siku moja kile mtaa wenu unachotoa kwa msimu. Ikitaka kuuza kwa hasara mwaka mzima inaweza, kwa sababu hasara ya kwenu inafidiwa na faida ya mji mwingine. Ninyi watatu mkipunguza bei mnapunguza chakula cha nyumbani. Ni hesabu tu, hakuna mtu mbaya ndani yake.

Kwa hiyo yule bwana akija na makubaliano, usimfukuze. Wanaowahi hupata masharti mazuri kuliko wanaochelewa. Ungepumzika. Ungekaa na Mama, mkagombana kwa raha.

Mengine tutazungumza nikija likizo.

Mpwa wako.


2 Juni

Mpwa wangu,

Barua yako imefika. Sisi wazima. Mama yako hajambo, ana shughuli.

Mama Mapovu ameuza. Alifunga mlango wa kiwanda, akaenda kukaa kwa mwanawe. Lakini mhuri wake wenye picha ya mwezi, ule anaougonga kwenye sabuni, umebaki kwa Kampuni. Sasa inakuja sabuni na lori, imevaa karatasi, na ndani yake imegongwa mwezi. Watu wanainunua wakidhani bado wanamuunga mkono Mama Mapovu. Nimewaeleza, wakasema nina wivu.

Asante kwa hesabu ulizonifundisha.

Mjomba.


14 Juni

Shikamoo Mjomba,

Nimeisoma barua yako nikaigeuza nyuma, nikaipindua na bahasha. Mstari wa Mama uko wapi? Tangu nilipoondoka nyumbani hujawahi kuniandikia barua isiyo na mstari wa Mama chini yake, hata ile ya siku mliyogombana mpaka mkagawana masufuria. Ana shughuli gani?

Nakuuliza kwa sababu kuna jambo limesemwa hapa ofisini. Mjomba, ofisi yangu ni hiyohiyo Kampuni. Nadhani nilitaka ujue bila mimi kusema. Jana waliingia chumbani kwetu wakiwa na furaha, wakasema huko kwenu sabuni ya mtaani imeunguza watu mikono, na kwamba sasa hatuhitaji hata kushusha bei, tunahitaji tangazo tu. Mmoja akapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu, nikaendelea kuishika.

Ni sabuni ya nani? Na Mama yuko wapi?

Tafadhali nijibu upesi.

Ulimi.


11 Julai

Mpwa wangu,

Nimechelewa makusudi. Nimeanza barua hii mara nyingi, kila nikifika kwenye jina la mama yako mkono unagoma.

Hajambo. Nakwambia kwanza hilo ili usome mengine umekaa.

Sabuni ilikuwa yangu.

Ulimi wangu umekufa, binti. Haukufa juzi. Magadi ya miaka yote yale na tumbaku yangu viliumaliza taratibu, na siku nilipogundua, wewe ulikuwa na meno ya mbele yanaanza kuota upya. Nilikulisha chumvi ukaniambia chumvi, mimi nilionja sikusikia ladha yoyote. Unadhani nilikuita Ulimi kwa utani? Ulikuwa ulimi wangu. Ukitoka shule unapita kiwandani, nakupa kipande, natazama uso wako, nami najifanya mwalimu anayemsahihisha mwanafunzi. "Sema kweli, inauma au haiumi?" Kumbe mwalimu hakuwa anajua jibu. Ulipoenda kusoma mjini nilikusindikiza stesheni nikicheka, nikarudi nikakaa mbele ya chungu kama kipofu.

Baada ya hapo nikabaki na Kipara. Uso wake nilikuwa nausoma vizuri kuliko gazeti, na nilipokwenda kumwonjea Mama Mapovu nilikuwa nabahatisha tu. Hakujua, na sikumwambia, maana fundi wa sabuni asiye na ulimi ni nani? Aibu ilinifunga mdomo. Alipoacha kuja, ningeweza kuvuka barabara nikamwomba. Ni hatua chache, unaijua barabara yenyewe. Nikaona heri nijionjee mwenyewe. Nikaweka kipande ulimini, nikangoja, nikasema kwa sauti, "Haiumi." Niliongea peke yangu, mtu mzima na mvi zangu.

Kwa sababu ya bei tulikuwa tumeanza kuuza vipande vidogo vya kukata, na kipande hakina mhuri. Mama yako hufulia kipande cha kwanza cha kila chungu, unajua, kwa kumheshimu ndugu yake. Alifua. Ilimuunguza. Akaendelea kufua, kwa sababu alidhani akisema nitaona haya. Siku tatu alificha mikono. Akawa anashika kijiko kwa vidole viwili, nami nikamtania mezani, nikamuuliza tangu lini amekuwa mtu wa hotelini. Alicheka. Mpwa wangu, alicheka na mikono iko chini ya meza inachuruzika maji.

Siku ya nne walikuja wafuaji wa pale bondeni wakiwa wameishika mikono yao juu, ngozi imebabuka. Watu wakajaa barabarani, wakawa wanauliza hivi vipande ni vya nani. Mimi nilikuwa mlangoni. Nilifungua mdomo. Nakuapia nilifungua. Lakini kabla neno halijatoka Kipara akatoka kwake, kifua wazi, akasema, "Ni vyangu."

Na mimi nikafunga mdomo.

Walimvunjia madirisha. Hakuna aliyemgusa, walimzomea tu, lakini alisimama pale mpaka walipochoka. Jioni nilimfuata nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Nilisikia unachemsha, nikajua ni siku ya kuonja, nikakaa ndani kwa kiburi. Kwa hiyo ni yangu vilevile." Hapo ndipo nilipomwambia habari ya ulimi. Akaniita mjinga, akalia.

Kesho yake sisi wawili tulitia saini mbele ya bwana wa tai. Sufuria hawakuitaka, wala makasha, wala nyaya za kukatia. Walitaka mhuri tu. Mhuri wangu wenye picha ya ufunguo bwana yule aliufunga kwenye leso akautia mfukoni.

Jambo la mwisho, kisha nalala. Siku ile ya Machi bwana huyo alipoonja na kutabasamu, aliniambia pia, "Mpwa wako anasimulia vizuri sana." Nilijua tangu siku hiyo. Nilikuandikia nikakuuliza unaonaje, nikangoja. Ukanijibu hesabu.

Sikuulizi kitu. Na mimi nilifunga mdomo mlangoni.

Mjomba wako.


3 Agosti

Mjomba,

Shikamoo naiandika lakini sina uso wa kuiandikia.

Hukuniuliza, kwa hiyo nitasema mwenyewe. Pale kwenye meza ndefu, baada ya kicheko, mzee mmoja aliyekuwa kimya aliniuliza, "Na wakiacha kutembeleana, itakuwaje?" Ningeweza kusema sijui. Niliinua mkono, Mjomba. Nilikuwa nimeketi kati ya wakubwa, naulizwa mimi, na nikainua mkono kama niko darasani. Nikasema, "Wakiacha kuonjeana, hawamalizi mwaka." Wakaandika. Meneja akanipigapiga begani tukiwa kwenye ngazi. Nilishuka ngazi zile kama mtu aliyevikwa taji.

Nilijua tunatengeneza sabuni. Sikuwa mtoto. Nilichofanya ni kuwaweka ninyi chumba kimoja cha kichwa changu na kazi chumba kingine, nikafunga mlango wa katikati. Barua yako ya Machi ilipokuja na swali lako, nililielewa mara moja. Niliiweka chini ya karatasi nyingine. Halafu nikakuandikia habari za meli na mapipa, na hata zile sentensi hazikuwa zangu, ni zile tunazosomeana hapa.

Mama amefua na magadi mabichi siku tatu nzima ili wewe usione haya, na mimi nimekuuza kwa glasi ya maji.

Ningependa kukwambia nimeacha kazi. Sijaacha. Kila asubuhi najiambia leo, na kila asubuhi nakaa. Kodi ya chumba ni kweli, lakini si kodi. Naogopa kurudi huko kuwa mtu asiye na ofisi kubwa. Hilo nalo ulijue, maana nimechoka kukuficha vitu. Jumatatu walileta mezani kwangu karatasi mpya za kufungia sabuni zenye ufunguo wako. Wakaniuliza kama rangi inafanana na ya zamani. Nikasema inafanana.

Sijui kama nina ruhusa ya kuja. Mwambie Mama... hapana, usimwambie. Sina la kumtuma mtu akamwambie.

Mpwa wako, kama bado.


30 Agosti

Ulimi,

Marahaba. Shikamoo isiyo na uso nayo huitikiwa.

Goti la mama yako limetulia. Mikono imeota ngozi mpya, ya waridi kama ya mtoto mchanga, na sasa anaitumia kama sababu ya kutofanya lolote. Mimi ndiye nafua, na yeye amekaa kwenye kiti ananielekeza pa kusugua. Kipara ameziba madirisha kwa mabati. Ameniambia nyumba imekuwa giza ila wakopeshaji hawamwoni, kwa hiyo ni faida.

Sabuni ya karatasi imepanda bei. Ya mwezi, ya ufunguo, zote, siku moja, bei moja. Mwenye duka la mbele amekuja kwangu kulalamika. Anasema akiwauliza wanamwambia asipotaka aache. Zamani nikimpandishia alikuwa anavuka barabara kwa Kipara, na Kipara akimpandishia anavuka kurudi kwangu. Sasa amesimama katikati ya barabara hajui avuke kwenda wapi. Sikumcheka. Nilitaka, lakini sikumcheka.

Habari yenyewe ni hii. Sufuria waliniachia. Karatasi niliyotia saini inasema nisitengeneze sabuni ya kuuza. Haisemi nisitengeneze ya kufulia shati langu. Kwa hiyo mimi na Kipara tumechemsha chungu kimoja, sisi wawili tu, uani kwake, tukibishana kuhusu kila kitu. Ni ya mikono ya mama yako. Ameapa hatagusa tena sabuni ya karatasi, na ya kwangu nimeapa mimi hataigusa mpaka nijue haiumi.

Kipara ameonja, akasema haiumi. Shida ni kwamba Kipara simwamini tena. Hashindani na mimi. Ananionea huruma. Tangu siku ile ya barabarani amekuwa mpole kama mgeni, na ulimi wa mtu anayekuhurumia ni sawa na wangu uliokufa. Mama Mapovu yuko mbali. Nimefikiria nani amebaki mtaani wa kushindana nami, sikumpata. Kampuni ndiyo mshindani wangu, na Kampuni sina ninayemjua humo ila wewe.

Kwa hiyo ndani ya bahasha kuna kipande. Kwa kawaida ya mtaa ni kazi yako. Uonje kama mtu wa kwao, usionje kama mpwa wangu. Usiniandikie mambo ya msamaha, mimi mwenyewe bado sijaomba wa kwangu kwa wale wafuaji. Nimekwenda mara mbili bondeni nikarudia njiani. Niandikie neno moja tu.

Mjomba wako.

*Mwanangu mkono wangu bado haujanyooka ndiyo maana mwandiko umelala. Mimi nawe tutazungumza uso kwa uso, si kwa barua. Kipande nimekikata mimi. Mama.*


11 Septemba

Shikamoo Mjomba, shikamoo Mama.

Kipande kimefika mzima. Nilikifungulia palepale mezani kwangu, wenzangu wote saba wakiwa wamekaa. Nikakiweka kwenye ncha ya ulimi, nikafumba macho, nikangoja. Nilipofumbua, chumba kizima kilikuwa kinanitazama, na yule mtu wa dirisha la jengo jingine pia.

Jana nilikuandikia barua ndefu ya kusema haiumi. Ilikuwa barua nzuri. Nimeichana.

Inauma, Mjomba. Kidogo, lakini inauma. Irudishe motoni, na Mama asiiguse.

Nakuja na treni ya Jumamosi. Msiionje mpaka nifike.

Ulimi.